Kabla hujamlipa fundi akuwekee dirisha la paani, pitia hapa kwanza

Mpauaji (mleta uzi)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Mimi kazi yangu ni kupaua. Kuna jambo naliona kila siku juu ya mapaa ya watu na linaniuma, kwa sababu wanaoumia zaidi ni wale wanaojenga kwa mshahara, tofali leo, bati mwakani. Nazungumzia vile vijidirisha vinavyochomoza kwenye mteremko wa paa. Kina kipaa chake kidogo juu, mashavu mawili ubavuni, kioo mbele. Ukipita Goba, Madale, Kigamboni, Kibaha, utaviona viwili viwili au vitatu vimepangwa juu ya baraza. Kwenye ramani za kununua mtandaoni vinakuja vyenyewe. Mchoraji kaviweka, picha imependeza, mteja kasema "nataka kama hii".

Nisieleweke vibaya, dirisha la paani ni kitu kizuri sana kikiwa mahali pake. Kazi yake inajulikana: ndani ya paa kuna chumba, mtu analala humo, anahitaji mwanga, hewa na nafasi ya kusimama wima. Pembeni hakuna ukuta wa kutoboa, kila upande ni mteremko. Basi paa linakatwa, kinasimamishwa kiukuta kidogo, dirisha linakaa wima kama madirisha mengine ya nyumba. Shida yetu ni kwamba tumechukua sura tukaiacha kazi. Panda darini kwenye nyumba nyingi za huku, nyuma ya kile kioo utakuta kenchi (zile fremu za mbao zinazobeba paa), nyaya za umeme, vumbi na mgongo wa jipsamu. Wengine wanapaka kioo rangi nyeusi kwa ndani ili mtu wa barabarani asione mbao.

Mtu atasema ni urembo, hela ni yake, mwache. Ningemwacha kama urembo wenyewe usingekuwa unavuja.

Masika yaliyopita niliitwa kwenye nyumba moja, sebuleni doa la kahawia limechora duara kwenye jipsamu, katikati bado pabichi. Mwenye nyumba alishaita mafundi, wamepaka silikoni, likarudi. Nikapanda. Papi (ubao unaopigiliwa bati) iliyo chini ya kona ya dirisha ilikuwa nyeusi, ukiibonyeza kidole gumba kinazama. Juu ya bati, nyuma ya kile kipaa kidogo, majani ya mwarobaini yamejaa kwenye vali (lile bonde linalotokea mapaa mawili yanapokutana). Maji yamekosa njia ya kushuka, yamepanda pembeni, yameingia chini ya bati. Silikoni ilikuwa imebanduka yote, unaivuta kwa mkono inatoka kipande kirefu. Nyumba hiyo haikuwa na chumba darini. Dirisha lile halijawahi kumpa mtu mwanga hata siku moja.

Hebu hesabu pamoja nami. Paa la miteremko miwili lenye umbo rahisi, mahali pa kuungana ni kule juu kwenye kofia tu, lile bati linalofunika mgongo wa paa. Ukiongeza dirisha moja la paani umejiongezea vali mbili nyuma, mashavu mawili yanayokutana na bati ubavuni, na kizingiti mbele. Hizo ni sehemu tano za maji kuingilia, na kila moja inataka flashingi (bati la kuziba maungio) iliyokunjwa vizuri na fundi anayejua anachofanya. Madirisha matatu, sehemu kumi na tano.

Ushauri wangu: kama hakuna chumba nyuma yake, usiweke. Kama unataka chumba, basi paa lote lipangwe kwa ajili ya chumba tangu kwenye msingi. Nawasilisha, maswali yanaruhusiwa.

---

MamaWawili_Madale

Mkuu umenigusa. Nyumba yangu imefika kwenye lenta. Ramani ina madirisha mawili paani kwa mbele. Fundi ananiambia niyaweke tu, kwamba baadaye nikipata hela nitatengeneza vyumba vya watoto kule juu. Nyumba upana wake ukutani hadi ukutani ni mita 10. Mteremko wa paa ameandika digrii 25. Hilo la vyumba baadaye linawezekana?

---

Mpauaji

Dada yangu, asante kwa kuleta vipimo, maana hapo ndipo ukweli ulipo.

Upana mita 10, maana yake kutoka ukutani hadi chini ya mgongo wa paa ni mita 5. Kwa digrii 25 kimo cha paa pale katikati kabisa kinafika mita 2.33 hivi. Mtu mzima anahitaji kama mita 2.1 atembee bila kuinama. Sehemu yenye kimo hicho kwenye paa lako ni ukanda wa mita 1 katikati ya nyumba. Na hapo sijatoa unene wa mbao, sijatoa sakafu, sijatoa dari ya huko juu. Ukivitoa, ukanda wote umekwisha. Hakuna kitanda kitakachokaa hapo.

Sasa chukua nyumba hiyo hiyo, paa digrii 40. Katikati unapata karibu mita 4.2, na ukanda wa kusimama unakuwa mita 5. Hapo sasa una chumba, na dirisha la paani linaanza kuwa na maana kwa sababu linakuongezea kimo pale pembeni ambapo mteremko unashuka.

Lakini kimo ni nusu tu ya habari. Kenchi zetu za kawaida zimejaa mbao za mshazari katikati, ndizo zinazosaidia kubeba paa lisibonyee. Huwezi kuzikata "baadaye" upate chumba, paa litabonyea. Na zile mbao za chini zinazobeba jipsamu zimepangwa zibebe jipsamu. Kitanda, kabati na watoto wawili wanaoruka ni mzigo mwingine kabisa. Chumba cha darini kinataka kenchi za aina nyingine zilizoachwa wazi katikati, sakafu ya kubeba uzito, na ngazi ambayo nayo inakula nafasi chini. Kama fundi hajakuonyesha ngazi itapita wapi kwenye ramani, basi hana mpango wa chumba.

---

Limuru Kwetu

Boss, huku kwetu Kiambu hiki kitu kinafanya kazi vizuri. Watu wengi wanajenga orofa moja halafu wanaweka chumba darini juu yake, paa la vigae lenye mteremko mkali. Mwezi wa Julai baridi ya Limuru inakata mifupa, na chumba cha juu ndicho chenye joto. Langu lina madirisha mawili yanaangalia mashamba ya majani chai na mtoto wangu wa chuo ndiye analala hapo. Halijavuja.

---

Mpauaji

Safi kabisa mkuu. Hiyo ndiyo nyumba ninayoitetea, mteremko mkali, chumba halisi na mtu halisi ndani yake. Njombe na Mufindi ningemshauri mtu hivyo hivyo.

---

Mshi wa Bukavu

Salamu ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Bukavu, sasa niko Paris, na naandikia ndani ya chumba chenye dirisha la namna hiyo. Ghorofa ya sita, ngazi za nyuma, lifti haipo upande wetu. Kitanda kiko chini ya mteremko, sehemu ya kusimama ni pale dirishani tu.

Vyumba hivi vilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa ndani. Wakati ule lifti hazikuwepo, kwa hiyo tajiri alikaa ghorofa ya chini chini, ile asiyochoka kuipanda, na mpishi na mtumishi wakawekwa juu kabisa chini ya paa. Leo tunaokaa ni wanafunzi na wahamiaji. Tangu mwaka 2002 sheria inataka chumba cha kupangisha kiwe na angalau mita za mraba 9 na kimo cha mita 2.20, au ujazo wa mita 20 za ujazo. Kuna wenye nyumba wanaokwepa, mmoja alinionyesha chumba ambacho sikuweza kufungua mlango kitanda kikiwa kimekunjuliwa.

Nataka kuwaambia juu ya joto. Paa za Paris nyingi ni za zinki. Agosti chumba kinawaka mchana na usiku hakipoi. Joto kali la Agosti 2003 liliua watu karibu 15,000 Ufaransa nzima, wengi wao wazee waliokaa peke yao, na watafiti waliochunguza vifo vile waligundua kwamba kulala kwenye chumba kilicho chini ya paa kulimwongezea mtu hatari. Kwa hiyo mkisema chumba cha paani, msisahau ni nani anapewa kulala humo.

---

Mpauaji

Ndugu yangu wa Bukavu, mchango wako una uzito kuliko wangu. Ubarikiwe.

Niongezee historia kidogo kwa waliouliza inboksi haya mambo yalianzia wapi, maana paa la Paris limechangia sana hizi picha.

Kuna msanifu Mfaransa anaitwa François Mansart, 1598 hadi 1666. Paa la miteremko miwili kwa kila upande, wa chini umesimama karibu kama ukuta na wa juu umelala, limepewa jina lake. Kulibuni hakulibuni yeye, Pierre Lescot alishalitumia kwenye jumba la Louvre katika karne ya 16. Ila Mansart ndiye aliyelifanya lipendwe. Uzuri wake ni kwamba ndani unapata chumba karibu cha mstatili, na kwenye ule mteremko uliosimama unapanga madirisha safu nzima.

Halafu ikaja sheria. Mwaka 1783 serikali ya mfalme iliweka kikomo cha urefu wa nyumba za Paris kulingana na upana wa barabara, na kikomo cha ukuta kiliishia kwenye ukingo wa paa. Kilichokuwa juu ya ukingo kilikuwa na kanuni zake. Mwenye kiwanja akaona: ukuta umezuiwa, paa bado linaweza kubeba watu. Chini ya mfalme Napoleon III, ofisa wake Haussmann alipokuwa anaifumua Paris kuanzia 1853 hadi 1870, mtindo huo ukajaa mji mzima. Kwa hiyo yale madirisha mazuri kwenye picha za kalenda yaliletwa na bei ya ardhi, sheria ya urefu, na hitaji la kumlaza mtumishi mahali. Mengi yaliwekwa nyuma yake kukiwa na chumba. Na mafundi wa zile paa za zinki wana heshima yao: Desemba 2024 UNESCO iliuingiza ujuzi wao kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mimi kama mpauaji nilifurahi sana kuona kazi ya paa inatambuliwa hivyo.

---

Mbongo_Leicester

Naweka kambi hapa, uzi una madini.

Huku Uingereza watu wanatanulia nyumba juu kwa sababu viwanja hakuna. Familia ikikua wanafungua dari, wanaweka dirisha pana la paani kwa nyuma, chumba kimepatikana. Nimefanya kibarua kwenye kazi hizo. Kwa England kuna kiasi unachoruhusiwa bila kuomba kibali cha mipango miji: nyumba zilizoungana safu nzima mwisho mita za ujazo 40 za nyongeza paani, zilizojitenga au zilizoungana mbili mbili mita za ujazo 50. Lisizidi kimo cha paa la zamani. Lirudi ndani angalau sentimita 20 kutoka kwenye ukingo wa chini. Na hili liliniacha nikifikiri: upande wa paa unaotazama barabara ya mbele huruhusiwi kuchomoza dirisha la namna hiyo bila kuomba.

Halafu wakaguzi wa ujenzi wanakuja na mambo yao, ngazi, milango ya kuzuia moto, na kwa nyumba fupi, kama isiyo na ghorofa, dirisha la kutokea moto ukizuka. Hilo wanataka uwazi wa angalau mita za mraba 0.33, upande wowote usipungue milimita 450, na kizingiti kisipande zaidi ya mita 1.1 kutoka sakafuni. Dirisha dogo kuliko hapo mtu mzima hapiti.

---

Mpauaji

Wakuu, someni hapo kwenye moto mara mbili. Huku sisi tukipata chumba juu cha kwanza tunapiga grili ya chuma dirishani. Ukiwa na chumba darini na ngazi moja ya mbao, moto ukianzia jikoni, lile dirisha ndiyo njia pekee ya mtoto wako. Kama ni lazima grili, iwe ya kufunguka kwa ndani na ufunguo ukae pale pale, kila aliye ndani anajua ulipo. Hili silifanyii utani.

Na la upande wa mbele, kweli kabisa. Kwao kinachotazama barabara kinalindwa, chumba kinafunguliwa nyuma kwenye faragha ya mtu. Kwetu vyote vinatazama barabarani, nyuma ya nyumba hata tundu la hewa hakuna.

---

Mwalimu wa Kata

Nimefuatilia tangu mwanzo. Kichwa cha uzi kinasema dirisha, nami siku hizi nikilisikia neno hilo kwa vijana mara chache linakuwa la ukutani. Mwenye timu anazungumzia dirisha la usajili, kubwa la kiangazi na dogo la katikati ya msimu. Aliyemaliza kidato cha sita anasubiri dirisha la mkopo na dirisha la udahili, likifungwa amekwenda mwaka mzima. Stendi kuna dirisha la tiketi. Kwenye kompyuta unafungua madirisha kumi kwa wakati mmoja. Na hospitali kuna dirisha la wazee, ambalo mimi sasa ndilo langu.

Nilienda kwenye dirisha hilo mwezi uliopita, kibao kimeandikwa vizuri, kioo kipo, kitundu cha kupitishia karatasi kipo. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Nikarudi kwenye foleni ya wote. Nilipokuwa nasoma mada ya Mpauaji nikaona ni jambo lile lile. Dirisha haliwi dirisha kwa sababu ya fremu, ni mpaka nyuma yake kuwe na mtu.

Nyongeza ya historia kwa wapenda historia: Uingereza walitoza kodi ya madirisha kuanzia 1696 hadi 1851, kadiri nyumba ilivyokuwa na madirisha mengi ndivyo ulivyolipa. Watu wakayaziba kwa matofali. Ufaransa nao walikuwa na kodi ya milango na madirisha, kuanzia 1798 hadi 1926. Waliokosa hewa na mwanga ni wapangaji, kwa sababu aliyeziba ni mwenye nyumba.

---

Mpauaji

Mwalimu wangu, shikamoo. Pole kwa ya hospitali. Umelisema vizuri kuliko nilivyoandika mimi kwenye mada nzima.

---

Kijana_Site

Mkuu swali. Kwa nini usiweke tu yale madirisha yanayolala kwenye mteremko wa paa, sambamba na bati? Nimeona kwenye video, hakuna vali, hakuna mashavu, unakata unaingiza fremu basi. Au zile bati za plastiki zinazopitisha mwanga kama za magodauni.

---

Mpauaji

Swali zuri. Dirisha la kulala la kisasa lilienezwa kutoka Denmark na Villum Kann Rasmussen, aliyeanza kazi hiyo miaka ya 1940, ndiye mwanzilishi wa kampuni ya Velux. Kule lina mantiki kubwa. Paris, ambayo ni kusini zaidi ya Denmark, jua la saa sita mchana mwezi Desemba linafika digrii 18 tu juu ya upeo wa macho. Jua la chini namna hiyo unalitafuta kwa kila njia, na kioo kilicholala kinalipokea.

Sisi Dar tupo karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba jua la mchana linapita juu ya kichwa kabisa, na miezi mingine haliko mbali. Kioo kilicholala kwenye paa la Dar kinapokea jua zima. Bati la plastiki ni hivyo hivyo, na linakauka na kupasuka kwa jua. Chooni au stoo kipande kidogo sawa, chumba cha kulala hapana.

Hapa ndipo dirisha la paani lililosimama lina faida kwa nchi za joto, na watu hawalijui hili. Kioo chake kimesimama wima, na kipaa chake kinaweza kutokeza mbele nusu mita kikaweka kivuli. Likitazama kaskazini au kusini, jua la mchana haliingii, mwanga unaingia. Likitazama magharibi umekwisha, jua la saa kumi litakufuata hadi kitandani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza litapendeza upande gani, simama kwenye kiwanja uulize jua linazama wapi.

---

Mtu wa Shangani

Assalaam aleikum. Niseme la kwetu Unguja, na Lamu ni hivyo hivyo.

Nyumba za mawe za wazee hazikuwa na haja ya dirisha la paani. Paa lilikuwa bapa, chokaa na mawe juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, upana kama mita 3 kwenda chini. Upande wa njiani ukuta umefumba kwa ajili ya sitara. Mwanga na upepo unatoka kiwandani, kule uwani katikati ya nyumba, na ndani ukutani kuna zidaka za kuweka vyombo. Baadaye mapaa bapa mengi yakafunikwa bati kwa sababu ya kuvuja. Lamu utaona nyumba imeezekwa makuti juu ya sakafu ya paa, mbavuni wazi. Mchana wa kaskazi ukikaa pale hutaki kushuka. Makuti hayana kioo wala fremu, na hewa inapita juu ya kichwa chako moja kwa moja.

Mji Mkongwe umeingizwa urithi wa dunia mwaka 2000 na Lamu 2001. Vijana wetu wanaochora ramani wangepita kule na tepu mkononi kabla ya kunakili picha za ng'ambo.

---

Mpauaji

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nakubaliana nawe, tena umenifungulia njia ya kusema kitu ambacho nilitaka kukisema.

Kuna dirisha dogo la paani ambalo hata bila chumba lina kazi, nalo ni la kutoa hewa ya moto. Kule Romania kuna mji unaitwa Sibiu, mapaa yake ya vigae yana matundu marefu membamba yenye umbo la jicho, watu wanayaita macho ya Sibiu. Darini walikuwa wanahifadhi nafaka na vyakula, hewa ilitakiwa ipite. Hakuna aliyelala humo, lakini yana kazi.

Bati letu la Dar mchana linachoma hewa ya darini, hewa hiyo haina pa kwenda, inasukuma joto kupitia jipsamu hadi chumbani usiku. Ukiweka tundu la juu kila upande wa paa, la luva (vibao vilivyoinamishwa vinavyopitisha hewa) za mbao au alumini badala ya kioo, na chini kwenye kingo za paa ukaacha matundu ya kuingizia hewa baridi, ile ya moto inapanda inatoka yenyewe bila umeme. Masharti ni mawili na hayana mjadala. Kila tundu liwe na wavu mgumu, kwa sababu popo, njiwa na nyuki watahamia wiki ya kwanza, na mbu wa malaria wanapenda kuingilia ule uwazi kati ya ukuta na paa. Na luva ziinamishwe vya kutosha, mvua ya upepo isirushe maji ndani.

Ila kama nyumba yako ina gebo, ule ukuta wa pembe tatu mwishoni, toboa hapo. Unapata kazi ile ile bila kukata paa hata kidogo. Ni rahisi kuliko yote niliyoandika humu.

---

Kijana_Site

Na kwa anayeng'ang'ania, au mwenye chumba kweli, flashingi zinapangwaje? Wengi tunajifunza kwa kuangalia tu.

---

Mpauaji

Maji yanashuka, kwa hiyo kila kipande cha juu kilalie juu ya kipande cha chini. Ukishika hilo mengine yanafuata.

Unaanza mbele kwenye kizingiti: bati lililokunjwa linapanda ukutani chini ya dirisha na kulalia juu ya bati la paa. Lilalie juu, kuna mafundi wanaliingiza chini, wanamwagia maji ndani wao wenyewe. Halafu mashavu: kwa vigae unaweka vipande vifupi vifupi, kila msitari wa kigae na kipande chake, kimepanda ukutani sentimita 10 hadi 15. Kwa bati ndefu unatumia kipande kirefu kilichokunjwa na mdomo wa kuzuia maji ubavuni. Mwisho vali za nyuma, pana, zimelala kwenye ubao, zimeanzia chini ya kofia ya kile kipaa. Hapo usitoboe msumari katikati ya vali hata mmoja. Misumari ikae pembeni, juu ya mkondo wa maji.

Silikoni ni ya kusaidia, isiwe ndiyo kizuizi chenyewe. Baada ya muda inabanduka. Ukiona fundi amekuja na mirija mingi ya silikoni na hana mkasi wa bati wala tepu ya kupimia kona, mshukuru kwa kufika, tafuta mwingine.

---

MamaWawili_Madale

Mkuu nimekaa na mume wangu tumesoma uzi wote. Tumeamua yale mawili ya mbele yanatoka. Fundi amekasirika kidogo, anasema nyumba itakuwa "kavu". Gebo ninazo mbili, za mashariki na magharibi. Shida ni kwamba fremu na vioo nilishanunua, na mbao za ziada pia. Na je, hizo luva za kwenye gebo nitajuaje kwamba hazitaingiza maji kabla sijapiga dari?

---

Mpauaji

Hongereni dada, na mpe shemeji salamu.

Mbao hazipotei, zitaingia kwenye papi. Fremu mbili pima upana wake, mara nyingi zinakaa vizuri juu ya mlango wa jikoni au mwisho wa korido, pale ambapo ramani nyingi huwa giza hata mchana. Kabla kozi za mwisho hazijapanda mwambie fundi aache nafasi, kutoboa baadaye ni gharama.

Gebo ya magharibi ongeza ukingo wa paa utokeze kama nusu mita kukinga luva, kwa sababu hata mvua isipotoka huko jua la jioni linaharibu mbao. Fundi kuhusu ukavu mwambie akutengenezee bodi ya pembeni mwa paa nzuri, aipige rangi mara mbili, hapo ataonyesha ufundi wake.

Kuhusu kupima: bati likishaezekwa lote na luva zikishafungwa, kabla jipsamu haijaletwa site, panda na mpira wa maji. Anza kumwaga chini, upande taratibu kwenda juu, kila sehemu dakika kadhaa, na mtu mwingine akae darini na tochi. Ukianza juu maji yatashuka kila mahali hutajua yameingilia wapi. Mwenye tochi akiona tone aweke alama ya chaki kwenye ubao hapo hapo. Fundi arekebishe, mrudie tena. Malipo ya mwisho ya upauaji yatoke baada ya hapo.